Kuku wa Posa ya Dada

Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo nyumbani, mtaa wa Malangali, siku Mwarabu wa duka la nguo alipokuja kumposea mwanawe dada yangu. Nasema Mwarabu kwa sababu ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, ingawa alizaliwa papa hapa Sumbawanga na Kifipa chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Kabla ya siku hiyo sikuwa na raha kisimani. Wanawake walinyamaza nikifika, halafu mmoja anaanza, "Hee, shemeji wa Waarabu! Mtatuuzia kanga kwa bei ya ndugu?" Mwingine anadakia, "Kanga gani? Hao huchukua binti zetu. Ulishaona wakitoa wa kwao?" Wanacheka. Mimi ni mtu wa haya. Nilikuwa najaza ndoo nusu, naondoka.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mikutanoni alisema watu wote ni ndugu, rangi si kitu, na nadhani aliamini. Nyumbani alikuwa halali vizuri tangu dada amwambie kwamba akinyimwa kijana huyo, hataolewa na mwingine. Dada hakuwa mtu wa vitisho. Alilisema mara moja tu, huku anachambua maharage, tukajua hatanii.

"Waje," baba alisema mwishoni. "Nitawasikiliza. Lakini nikiona dharau, basi."

Kwetu binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe, kwa hiyo asubuhi dada alipelekwa kwa shangazi, nyumba ya jirani. Jikoni tukabaki mama na mimi. Kaka alimchinja jogoo mkubwa, mama akampika taratibu, akasonga ugali wa ulezi. Firigisi, ambayo nyumbani huliwa na baba peke yake, aliiweka juu ya nyama zote kwa ajili ya mgeni.

Yule mzee Mwarabu alikuja na mdogo wake na mshenga. Mshenga alikuwa dereva wa lori la mzee, Mfipa, Mkatoliki mwenzetu. Nikapiga goti, "Shikamooni," nikawanawisha, nikaweka bakuli. Mshenga akamega tonge. Mzee alitazama ile nyama, akauliza kwa sauti ya chini, "Kuku kachinjwa na nani?"

"Na kijana wangu huyu," baba alisema kwa fahari.

Mzee akarudisha mkono. Tonge la mshenga likabaki hewani. Usoni mwake niliona kwamba ndiyo kwanza anakumbuka jambo alilopaswa kutuambia.

"Ndugu yangu, usinielewe vibaya," mzee alisema. "Mimi Mwislamu. Nyama asiyoichinja Mwislamu siwezi. Nipe maharage tu, nitakula nishibe."

"Maharage? Mgeni wa posa ale maharage kwangu?"

Nilirudi jikoni kuchukua maji. Mama alikuwa amesikia yote. "Kwa hiyo mkono wa mwanangu ni mchafu," alisema, akiiambia sufuria, siyo mimi.

Niliporudi, baba alikuwa ameusogeza ugali pembeni.

"Tumwache kuku. Nikuulize. Wewe una binti. Huyu kijana wangu akija kwako kuposa, utampokea?"

Kaka akainama. Mdogo wa mzee akaanza, "Sasa hayo mbona tena..." Mzee akamzuia kwa kiganja.

"Unataka jibu la mkutanoni au la nyumbani?"

"La nyumbani."

"Leo, hapana. Mama yake hatakubali. Na mimi mwenyewe sijui kama ningeweza. Sitaki kukudanganya."

Nilisimama na birika mkononi, nikijua posa imekufa. Nilimhurumia dada. Baba akaniambia, "Kamwite dada yako."

Alikuja amejitanda kanga, akapiga goti. Baba hakumuuliza kama ilivyo desturi, "Unawajua hawa?" Alimweleza yote, la kuku na la binti. "Utakuwa mke kwa watu ambao hawatampa kaka yako mke. Bado unawataka?"

Dada alimgeukia kaka kwanza.

"Usinitazame mimi," kaka alisema. "Hata sikujua kama ana binti."

Mshenga alicheka peke yake, akaacha.

"Nawajua, baba, na nawataka," dada alisema. "Lakini nao wajue. Nikizaa binti, ataolewa na atakayempenda, awe Mfipa, awe nani. Na babu yake huyu ndiye atakayepokea posa hiyo."

Mzee alimtazama. "Nimesikia."

"Kusikia siyo kukubali," baba alisema.

"Nimekubali."

Baba alimtuma kaka akamate jogoo mwingine. Kisha akampa mzee jogoo huyo, akiwa hai, pamoja na kisu. Mzee akaenda kuchinja nyuma ya nyumba. Nilimnyonyoa na kumpika mwenyewe, maana mama alikataa kumgusa. Wageni walikula jioni, baba akala nao.

Mama hakutoka kuwaaga. Nilimkuta jikoni anakula kuku wa kwanza, polepole, bila kulia. Nje dada alikuwa anacheka na wageni, nami nilitaka sana kwenda huko. Mama akanisogezea kigoda.

"Kaa ule," alisema. "Huyu ni wetu."

Nikakaa.