Msasa na Mstari wa Watoto Wanaokua

Mtoto wa mdogo wangu karakana nzima inamwita Msasa. Jina alilipata kazini. Alipoanza pale kwenye karakana ya miguu ya bandia alipewa kipande cha msasa akaambiwa alainishe, naye akalainisha mpaka jioni anatoka kope nyeupe kama mtu aliyelala kwenye gunia la unga. Nilimlea mimi baada ya mdogo wangu kufariki, na kazi ile nilimtafutia mimi, maana tayari nilikuwa nawashonea mikanda na soksi za kuvalia miguu hiyo. Bado nawashonea. Atakayesema mkanda wangu umewahi kukatika, aje nao niuone.

Mkuu wa karakana ni Mzee Foleni. Jina hilo analijua na analipenda. Yeye mwenyewe anatembea na mguu wa bandia tangu ujanani, na nakumbuka alivyotusimulia kisa chake tulipokuwa bado vijana sote. Alingoja mguu wake wa kwanza mpaka akakata tamaa, kwa sababu kila zamu yake ikikaribia, anatokea mpwa wa mkubwa fulani, anapitishwa mbele. Alipokabidhiwa karakana, neno lake la kwanza likawa foleni. Ukija unaandikishwa, unangoja, unaitwa. Hakuna cha shemeji wala cha rafiki. Jirani yangu alipovunjikiwa na mguu wake nilijaribu kumsemea kwa Mzee, nikatazamwa kwa jicho kali, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Tatizo lilikuwa watoto. Mtu mzima ukishampima umempima. Mtoto anakua, mguu wake wa kuzaliwa unarefuka, ule wa bandia umebaki pale pale. Mzazi huja kumwandikisha siku mtoto ameshaanza kuchechemea, anawekwa nyuma ya watu wazima, na hadi aitwe nyonga imeshalala upande mmoja na mgongo umefuata. Msasa aliwaona wote kwa sababu benchi lake lilikuwa karibu na mlango. Kulikuwa na msichana mmoja tuliyemwita Kamba, kwa jinsi alivyopenda kuruka kamba. Siku moja aliletwa amebebwa mgongoni na mama yake, mtoto mkubwa vile miguu inaning'inia, kwa sababu kutembea kulimuumiza.

"Mama Mkubwa," Msasa aliniambia jioni yake tukichambua maharage, "hivi hatuwezi kujua mtoto ataupita mguu wake kabla hajaupita?"

"Utajuaje? Umekuwa mtabiri?"

"Si tunawapima kila wakija? Ule mguu mzima, toka goti hadi kisigino. Vipimo vyote vipo. Hakuna anayevitazama kwa pamoja, basi."

Akajiandikisha masomo ya takwimu, ya Jumamosi, kwa mwalimu mmoja mama mcheshi aliyekuwa akifundisha watu wazima. Akarudi na maneno mapya. Kulikuwa na lugha ya kuiandikia kompyuta amri za hesabu, inaitwa R.

"R na nini?" nikamuuliza.

"R tu, Mama."

Lugha nzima, herufi moja. Sisi shuleni tulifundishwa herufi zote na hiyo kompyuta hatukupewa.

Lakini nilikaa naye mbele ya kompyuta nikatazama, na nilielewa, kwa sababu mtoto alikuwa anajua kueleza. Kila mtoto aliyepita karakanani alikuwa nukta moja kwenye kioo. Ukienda kulia umri unaongezeka, ukipanda juu mguu unarefuka. Nukta zilitapakaa kama maharage yetu kwenye ungo. Kisha akaandika amri nyingine, na mstari ukapita katikati yao. Haukuzigusa zote. Ulipita pale ambapo, ukizijumlisha zote, umezikaribia kuliko mstari mwingine wowote.

"Huu ndio ukuaji wa watoto wetu," akasema. "Nikijua mtoto yuko juu ya mstari au chini yake, na nikijua mguu wake wa bandia tuliukata urefu gani, naweza kukisia lini utampungukia."

Mwalimu wake alipouona alimsifu, ila akamwambia mstari ulionyooka hauwatoshi watoto. Hukua haraka, wakatulia, wakachomoka tena wanapobalehe. Alihitaji mstari unaopinda. Msasa akaandika amri za mstari unaopinda, na badala ya mstari yakatokea matata. Nyuzi zilikwenda huku zikarudi kule, zimekatizana kioo kizima kama uzi wangu paka akishaupata. Akafuta. Akaandika upya. Matata yale yale. Akahangaika nayo karibu wiki nzima, chakula kinapoa, mpaka nikamwambia ampigie mwalimu simu kabla sijaipiga mimi.

Akampigia, akaweka simu sauti ya nje.

"Watoto umewapanga vipi?" mwalimu akauliza.

"Kwa foleni, mwalimu. Kama walivyoandikishwa mlangoni."

Mwalimu alicheka sana. "Sasa mwenzangu, kompyuta inaunganisha nukta kwa utaratibu ulioipa. Tuseme wa kwanza ana miaka kumi na miwili, wa pili minne, wa tatu tisa. Itakwenda mbele na kurudi nyuma mpaka ichoke. Kwenye ule mstari ulionyooka hukuona, kwa sababu ilikuwa inapita juu ya njia ile ile. Wapange kwa umri, halafu ndio uchore."

Mtu mwingine angefanya hivyo tangu mwanzo. Lakini ukishakaa miaka kwa Mzee Foleni, haikujii kwamba mtu anaweza kutolewa alipoandikishwa. Nilimwona anasita, mkono uko juu ya vitufe, kama anaibia watu zamu. Akawapanga kwa umri. Mstari ukatokea mmoja, umepanda, umelala kidogo, umepanda tena, mlaini kuliko muundi wowote wa bandia aliowahi kuupiga msasa.

Hakushangilia. Alikaa akiutazama. "Mama, na kule karakanani ni hivi hivi," akasema. "Tunawaita kwa jinsi walivyofika mlangoni. Tungewaita kwa jinsi wanavyokua."

Nilijua hapo hapo ataenda kumwambia nani. Mzee akikataa, Kamba na wenzake wataendelea kuitwa wakiwa wameshapinda. Na Mzee si mtu wa kukubali.

Alikwenda Jumatatu. Nilikuwa nimepeleka mikanda, nikajifanya nahesabu vifungo. Mzee aliigeuza picha ya mstari iliyochapwa kwenye karatasi huku na huku, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka niwaruke watu," akasema.

"Nataka watoto waitwe kabla hawajaumia, Mzee. Watu wazima wabaki na foleni yao."

"Leo unamruka mtu kwa sababu ya mstari. Kesho utamruka kwa sababu ya shemeji."

"Mstari hauna shemeji."

Fundi wa plasta, yule anayechukua umbo la mguu, alikohoa kuficha kicheko. Mzee hakucheka. Akaweka kidole kwenye nukta moja iliyokuwa juu kabisa ya wenzake. "Huyu nani?"

"Sijaandika majina, Mzee. Makusudi. Ili usiwajue."

Nadhani ni hilo lililomgusa. Alikiondoa kidole, akaunyoosha mbele mguu wake wa bandia kama afanyavyo ukimchosha. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Alikuwa analinda kitu alichokilipia kwa ujana wake.

"Picha itabandikwa mlangoni," akasema mwishowe. "Kila anayengoja aione, aulize, ajibiwe. Atakayenipigia simu kumwombea mtoto wake, mtoto huyo namweka wa mwisho. Tunajaribu mpaka shule zifungwe. Nikiona ujanja wowote, unarudi kwenye vumbi."

"Sijatoka kwenye vumbi, Mzee."

"Basi utabaki humo."

Haikuwa rahisi. Fundi viatu mmoja aliyekuwa amengoja zamu yake alimwona mtoto ameitwa mbele yake, akafoka mpaka nje wakasikia. "Nipitwe na mtu ambaye hajaota hata ndevu?" Msasa akamshika mkono, akampeleka mlangoni, akamwonyesha nukta na mstari. Yule bwana alitazama, akanung'unika kwamba na yeye wangemchorea wa kwake, ila akarudi kukaa. Mtoto mwingine aliitwa mapema mno. Mguu mpya ukawa mrefu, ukawekwa kabatini umngoje. Mzee alisema, "Mstari wako umekosea." Msasa akajibu kwamba mstari hukisia, na kwamba afadhali mguu umngoje mtoto. Mzee akaguna. Kwa Mzee, kuguna ni maneno mengi.

Kamba, yule wa mgongoni, mguu alishaupata zamani ile kwa foleni. Lakini nukta yake ilikuwa juu, mtoto anarefuka kama amechelewa mahali. Msasa alimpigia mama yake simu katikati ya muhula. Wakaja, na safari hii Kamba alikuja kwa miguu yake, mbele ya mama yake.

"Lakini hachechemei," mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na wasiwasi, hataki kuonekana amejipenyeza. "Hata sijamwandikisha. Nani kawaambia?"

"Tumeona anakaribia, dada," Msasa akamwambia. "Ingieni tu."

Walimpima. Mguu wake wa bandia ulikuwa umeanza kumpungukia, kidogo tu, unene wa soli. Plasta ikafanywa, mguu ukatengenezwa, nikashona mikanda mwenyewe nikaipitisha mara mbili. Siku ya kuvaa, Kamba alitembea katikati ya vyuma viwili vya kushikilia wanaojaribu mguu mpya, kisha akaviacha. Mzee Foleni aliinama nyuma yake, akamwekea viganja kwenye nyonga zote mbili, akaziangalia kama mwashi anayeangalia pimamaji ukutani. Zilikuwa sawa.

Akasimama taratibu, akijishikilia kwenye chuma. Benchi la wanaongoja lilikuwa limejaa, na wote walimtazama. Yeye hakulitazama benchi. Alimgeukia Msasa, kwenye kompyuta yake iliyojaa vumbi.

"Haya," akasema. "Mtoto gani anafuata?"