Jibu kwa Wote

Binamu yangu Kaltham ni mhasibu hapa Ibra, Omani, na akitoka kazini anabeba mzigo asiolipwa: ndiye msimamizi wa orodha ya barua pepe ya jumuiya yetu, sisi kizazi cha waliorudi kutoka Unguja. Si jambo la ajabu. Kuna anwani moja. Ukiiandikia, barua yako inamfikia kila aliyesajiliwa, awe Ibra, Sur au Nizwa. Ndivyo tunavyojulishana misiba, harusi na mikutano asiyohudhuria mtu.

Orodha ingeweza kupangwa ili jibu liende kwa aliyeandika tu. Kaltham aliomba sana. Wazee wakakataa katakata: rambirambi isiyoonwa na watu haihesabiki, na mfiwa atakununia mpaka ufiwe wewe. Basi kila jibu likawa linakwenda kwa wote. Penye wengi pana mengi.

Mwaka jana Muadh wa Nizwa, aliyefiwa na mkewe, akaleta posa. Kaltham ana miaka arubaini na alishakataa wanaume watatu, lakini huyu alimtaka. Nilijua kwa sababu hakumkejeli hata siku moja.

Mama yake Kaltham, mama mkubwa wangu Bi Ghanima, akataka kumuulizia mwanamume kimyakimya, kama ilivyo ada, kwa shoga yake Bi Rehana wa Sur. Akaitafuta barua ya mwisho ya Rehana, ambayo ilikuwa rambirambi kwa jumuiya, akabonyeza kujibu:

"Rehana shoga yangu, Kaltham kapata mchumba, alhamdulillah, kabla sijafa. Muadh wa Nizwa. Wallahi nasikia bakhili, na akilala anakoroma mpaka jirani hapati usingizi. Niulizie, lakini usimwambie mtu."

Tukaisoma watu mia tatu, na Muadh akiwemo.

Wa kwanza kujibu, bwana mmoja ambaye hajapata kusoma barua mpaka mwisho, aliandika: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Watano wakamfuata. Mwengine akaomba atolewe kwenye orodha, na ombi lake likatufikia sote. Bi Ghanima naye akauliza, kwa wote: "Nani kakupeni barua yangu?"

Kaltham akanipigia simu analia. "Shadya, keshakwenda yule. Khalas. Nani atarudi baada ya kusemwa vile?"

Nilimchukia mama mkubwa siku ile, Mungu anisamehe.

Baada ya alasiri Muadh akajibu, naye kwa wote:

"Assalamu alaykum. Ubakhili nimesingiziwa. Kukoroma ni kweli. Marehemu alikuwa akinipiga kiwiko. Posa yangu iko palepale. Kaltham, jibu lako niletee mimi peke yangu."

Akampelekea yeye peke yake. Wiki nzima sisi watu wazima tukafungua barua pepe na kufunga, tukipekua kama kuku jaani, tusipate kitu. Mwisho nikashindwa, nikampigia.

"Wewe kinakuuma nini?" akaniambia, na nyuma yake nikamsikia mama mkubwa anapiga vigelegele.