Dadu Iliyohukumiwa Ndani ya Beseni

Harufu ya mbao inayochomwa kwa msumari wa moto inanikasirisha mpaka leo. Mwezi uliopita binti yangu Neema alikuwa amechuchumaa barazani akitoboa nukta kwenye kipande cha mbao, maana dadu yetu ya dukani ilikuwa imepotea. Moshi ule mwembamba uliponifikia jikoni nikajikuta nasonga ugali kwa nguvu kana kwamba kuna mtu nagombana naye. Na kweli yupo. Nagombana na kesi iliyosikilizwa sebuleni kwetu Katandala nikiwa na miaka kumi. Nawaomba mnisikilize, kisha mseme kama sikuonewa.

Nikitaja kwamba kwetu ni Sumbawanga, watu huniuliza habari za radi na uchawi huku wakicheka. Miaka yote hii hajatokea hata mmoja wa kuniuliza habari za ludo! Kwetu Jumapili ilikuwa misa, wali wa mchele wa Mtowisa, kisha ludo. Baba, ambaye alikuwa fundi seremala, aliushusha ubao aliouchonga mwenyewe, mama akasogeza jiko la mkaa miguuni kwetu kwa sababu ya baridi, na sisi wanne tukakaa, kila mtu na rangi yake. Wa nne alikuwa kaka yangu Deo, aliyenizidi miaka miwili na majivuno ya miaka ishirini.

Mchezo wetu ulikuwa na sheria. Kati yangu na Deo, atakayeshindwa ndiye atakayechota maji ya asubuhi wiki nzima. Msidhani ni jambo dogo. Kisima kilikuwa bondeni, na mwezi wa sita upepo wa kwetu unapita ndani ya sweta kama hukuvaa kitu. Safari mbili na ndoo kichwani kabla jua halijatoka, halafu mbio hadi shule, na pale getini mwalimu wa zamu anawasubiri wachelewaji na fimbo yake. Mwalimu hakuuliza nani kashinda ludo.

Mchotaji alikuwa mimi, wiki baada ya wiki. Ludo ina ujinga wake: bila kupata sita, kete haitoki nyumbani, na sita ilinikimbia kama mdeni. Nilikaa natazama wenzangu wakizunguka ubao. Nikitoa kete moja, Deo anaila na kucheka hadi anakohoa. Nikilia, baba anasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Msemo huo niliusikia kila Jumapili, kamasi zikinitoka.

Siku moja Deo akarusha dadu kwa mbwembwe, ikaruka hadi mlangoni, na kuku mwekundu wa mama akaimeza akidhani ni punje ya hindi. Tulimfuata kuku yule siku mbili nzima tukichungulia nyuma yake. Hatukuambulia kitu. Baba alikuwa na kazi nyingi za watu, basi nikaokota kipande cha mbao ya msindano karakanani kwake, nikakipiga msasa hadi pande zote sita zikalingana, nikachoma nukta kwa msumari wa inchi nne. Moja hadi tano nilizigusa tu. Sita nikaichimba kwa kina. Kwa jinsi nilivyoitamani namba ile, niliona inastahili matundu ya heshima. Baba aliigeuzageuza mkononi, akasema, "Mkono wa fundi huu." Siku hiyo nilitembea nimeinua kichwa.

Dadu yangu ilikuwa na ukarimu wa ajabu. Sita zilitoka kwa mama, kwa baba, kwa Deo na kwangu. Kete za wote zilikuwa njiani mapema, na Deo akashindwa. Jumapili iliyofuata akashindwa tena, na ya tatu pia. Wiki tatu nilifika shuleni kabla ya kengele, mikono mikavu, nikakaa dawati la mbele. Sijui kama nimewahi kuwa na raha kama ile.

Kisha akaja baba mkubwa kutoka kijijini Kate na gunia la maharage, akakutana na Deo njiani amebeba ndoo. Jumapili hiyo alikaa kiti cha baba. Nilipiga magoti kumsalimu, akaitikia akiwa anamtazama baba.

"Siku hizi hapa kwako mtoto wa kiume ndiye mchota maji," alisema, "na msichana yupo?"

"Ni mchezo tu, kaka," baba akajibu. "Ameshindwa mara tatu mfululizo."

"Mara tatu? Hebu nione hiyo dadu."

Akairusha, ikaja sita. Akarudia, ikaja sita tena. Baba akanyanyuka, akaleta beseni la maji, akaitumbukiza. Dadu ikajigeuza polepole, ikaelea sita ikiwa juu. Akaizamisha kwa kidole mara ya pili, ya tatu. Kila mara sita ilirudi juu, maana upande ule nilikuwa nimeutoboa sana ukawa mwepesi. Hayo nayajua sasa. Siku ile nilijua tu kwamba wote wananitazama.

"Ana hila mtoto huyu," baba mkubwa alisema.

Niliapa kwamba sikukusudia. Mama akaninong'oneza, "Omba msamaha, mwanangu, yaishe." Nikapiga magoti mbele ya Deo. Mbele ya Deo, jamani! Nikamwomba msamaha, naye akaupokea kama askofu. Dadu ikatiwa kwenye jiko, na sheria ya ludo ikafutwa. Maji yakawa yangu moja kwa moja, hadi nilipomaliza darasa la saba.

Kilichoniuma zaidi ya ndoo ni kwamba niliwaamini. Nilikua nikijua kwamba mimi ni mdanganyifu. Nikipata alama nzuri shuleni nilingoja mtu aje na beseni.

Haya yote nilimsimulia Neema jioni ile barazani, ili ajihadhari na ile sita yake. Alinisikiliza msumari ukimpoa mkononi.

"Kwani wao walikuwa wanarusha dadu gani, mama?"

"Hiyo hiyo."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa hila iko wapi?"

Zaidi ya miaka thelathini sikuwahi kujiuliza swali hilo. Sita tuligawiwa sote, na Deo alizipata kama mimi. Nilimshinda kwa sababu miaka ile yote ya kungoja nilikuwa nimejifunza uchezaji wake: anakimbilia wapi, anaacha kete gani peke yake. Mara tu nilipopata kutoka nyumbani, nilicheza vizuri kuliko yeye. Basi!

Nikampigia baba simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

Sikungoja salamu ziishe. Nikamuuliza kama siku ile ya beseni alijua kwamba dadu mbovu ikirushwa na wote haimwonei yeyote.

"Nilijua, mama. Mimi fundi, nitakosaje kujua?"

"Sasa mbona uliniacha nipige magoti?"

"Kaka yangu alikuwa amekaa pale," alisema. "Na wewe maji ulikuwa umeshayazoea."

Mtoto yule wa miaka kumi alidhani inahukumiwa dadu. Kumbe shauri lilikuwa la nani ashike ndoo, na hukumu ilikwisha kutoka njiani, pale baba mkubwa alipomwona Deo. Nilimwambia baba kwamba hilo sijamsamehe. Akasema, "Una haki, mama." Neno hilo nililihitaji nikiwa nimepiga magoti, mbele ya wale wale walionitazama. Kwenye simu, tukiwa wawili tu, lilizidi kunitia hasira.