Mji Niliojenga na Mama Mkwe

Kazi yangu ni kupanga viwanja. Nikipita mtaa wowote wa Bariadi naona kwanza nyumba iliyokaa upande, ukuta ulioingia barabarani, shimo la choo lililochimbwa panapotakiwa mtaro, ndipo naona watu. Mke wangu husema hata siku ya kuzikwa nitanyanyuka kulinyoosha kaburi. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini mtu mzima kama mimi nilishindana siku nne nzima na mama mkwe wangu juu ya nyumba ya kondoo.

Kondoo mwenyewe anaishi ndani ya kidude cha kuchezea gemu, cha kushika mkononi, ambacho mke wangu alikinunua kwa mtu kikiwa kimetumika. Gemu ni la mji mdogo uliokufa. Duka la mikate limefungwa, daraja limevunjika, wakazi wamehama, na wewe unapewa jembe na ndoo uufufue. Unalima, unafuga, unakarabati, na kila ukitengeneza kitu mkazi mmoja anarudi. Wakazi wote ni wanyama wenye macho makubwa na vikoti. Nilimcheka mke wangu miezi miwili. Mwezi wa tatu nikawa namnyang'anya.

Ndipo mama mkwe alipoteleza na ndoo ya maji kwao Sola, akavunjika mguu chini ya goti. Akaletwa hospitali Bariadi, mguu ukafungwa plasta ngumu, akapewa magongo mawili ya kutembelea, na daktari akasema wiki sita asiukanyage wala asisafiri. Akiwahi kurudi kijijini mfupa utaunga vibaya, atachechemea maisha yake yote. Basi akaletwa kwangu. Siku chache baadaye mke wangu akaitwa Dodoma kwenye mafunzo ya kazini ya mwezi mzima, mafunzo aliyokuwa ameyasubiri miaka. Watoto wetu wako bweni. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe.

Asiye Msukuma atauliza shida iko wapi. Mtu na mama mkwe wake, kwetu, hawapeani mikono. Hawali pamoja. Tukikutana njiani yeye hujifunika khanga na kupinda pembeni, mimi napinda upande wa pili, tunaachiana njia nzima utadhani tuna kesi, kumbe ndiyo heshima yenyewe. Kulala chini ya paa la mkwe wake ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja. Kila asubuhi nilisimama sebuleni nikiwa nimeupa mlango wa chumba chake mgongo, nikasema, "Mwangaluka, mayu." Sauti ndogo ikajibu kutoka ndani, "Mwangaluka, baba." Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi, mayu ni mama, na baada ya hapo hatukuwa na neno lingine mpaka kesho yake.

Aliyetuokoa ni jirani, mama mwenye duka ng'ambo ya barabara, mtu wa Kigoma, mswalihina, na mdomo wake haujui likizo. Alikuja asubuhi, mchana na jioni kumwogesha mama na kumpelekea chakula nilichopika au nilichonunua.

"Nyie Wasukuma mna mambo," aliniambia siku ya kwanza. "Mwenzio kalala hatua tano kutoka hapa, halafu unanituma mimi nikamuulize kama anataka chumvi?"

"Muulize, jirani."

"Kasema inatosha."

Kila kitu kilikuwa kinatosha. Ila vyombo vilirudi nusu, na jagi la maji lilirudi kama lilivyokwenda. Nilidhani ni mapishi yangu. Nikatafuta samaki wa ziwani kutoka Kalemela, nikatafuta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikatafuta maziwa ya mgando kwa mtu anayefuga. Vilirudi nusu. Mke wangu akipiga simu, mama alimwambia hajambo, kwetu kuzuri, ila anataka kurudi nyumbani. Mwisho wa wiki ya pili jirani alitoka chumbani uso umemshuka. "Huyu mama midomo imempasuka," alisema. "Hanywi maji. Kaniambia nimtafutie gari la Sola, tena kaniambia nisikwambie." Nilipata hofu. Nilijiona nikimkabidhi mke wangu mama yake akiwa kilema, na yeye hatanilaumu, na hilo ndilo lingeniuma zaidi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinakwenda vizuri, na hicho kilikuwa ule mji. Kabla ya kuondoka mke wangu alimfundisha mama yake kukitumia kile kidude ili asichoke na kitanda. Mama hasomi Kiingereza kilichoandikwa mle, lakini ndoo ni ndoo na ng'ombe ni ng'ombe. "Mji wangu msiuache ufe," mke wangu alituambia, kila mmoja kwa wakati wake. Ikawa zamu. Mchana ni wa mama. Jioni jirani anakitoa na kukiweka kwenye kigoda nje ya mlango, mimi nakichukua, nacheza kidogo kwenye kiti changu cha sebuleni, asubuhi nakirudisha kigodani kabla ya kwenda kazini.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumjua mtu niliyekuwa mkwe wake kwa miaka kumi na minne. Mama hakuuza ng'ombe. Gemu linataka uuze wawili watatu ili ujenge daraja, yeye akawaacha wazaane mpaka zizi likajaa wakawa wanalala kwenye bustani ya maua. Alisalimia kila mkazi kila siku, hata yule fisi mchoyo niliyekuwa namruka. Alipanda mtama mahali nilipopanda maua, na kweli maua hayaliwi. Nikifungua jioni nilikuta kazi imefanyika, nikawa nacheka peke yangu, na nikajikuta naiharakisha siku kazini ili nirudi nione amefanya nini.

Halafu akaja kondoo. Ni mkazi mpya, bibi kizee mwenye miwani na mkongojo, na gemu linakuacha uchague pa kumjengea. Mama alimjengea karibu na nyumba yangu mimi mchezaji, jambo ambalo lilinifurahisha, ila aliigeuza. Mlango ulitazama mtoni, mgongo ukatazama barabara na nyumba yangu. Katikati akaweka uzio.

Nyumba hutazama barabara. Hilo ndilo jambo la kwanza tunalomwambia mtu anayekuja kuomba kibali. Nikasema mama amekosea kubonyeza, macho ya uzee, nikaigeuza na kuutoa uzio. Kesho yake jioni nikakuta imegeuzwa tena, uzio umerudi. Nikaigeuza. Siku ya tatu imerudi, na sasa kuna kinjia cha mawe kutoka mlango wa kondoo mpaka mtoni, na kijumba kidogo cha mbao kando ya njia. Niliudhika kwelikweli, nikaigeuza tena. Nikamwambia jirani amweleze mama, kwa adabu, kwamba mji una mpangilio.

Akaingia, akatoka akicheka. "Anasema mwenye mji yuko Dodoma."

Siku ya nne nilikaa kwenye kiti changu nikaigeuza ile nyumba kwa mara ya nne, nikaung'oa na uzio, nikamtazama kondoo aone faida. Kondoo alifungua mlango na mkongojo wake. Alikuwa anataka kwenda mtoni. Ili afike ikabidi apite mbele ya nyumba yangu, na mimi, yaani yule mimi wa kwenye gemu, nilikuwa nimesimama pale pale katikati ya njia. Kondoo akasimama. Akageuka akarudi ndani.

Wakati huohuo mlango wa chumba cha mama ulilia kidogo. Sikuinua uso, adabu hairuhusu, lakini chini kwenye sakafu niliona ncha ya gongo lake ikitoka nje ya mlango, kiasi cha kiganja. Ikasimama. Ikarudi ndani, mlango ukafungwa polepole, kama na mtu asiyetaka kusikika.

Choo chetu kiko ndani. Kutoka chumba cha wageni unavuka sebule, unapita mbele ya kiti changu, ndipo unafika. Mtu mwenye magongo mawili hana mkono wa kushika khanga ajifunike uso mbele ya mkwe wake. Kila jioni, na Jumamosi nzima, na Jumapili nikitoka kanisani, nilikuwa nimekaa njiani. Mama hakuwa na shida na samaki wangu. Alikuwa hali wala hanywi ili asihitaji kupita.

Nilijisikia aibu ambayo bado sijaimaliza. Mimi ninayewafokea watu kwa kuziba njia! Na alikuwa amenichorea ramani kamili, mlango wa nyuma, kinjia, uzio, mpaka choo, siku nne mfululizo, na mimi kila siku nikamfutia. Niligeuza nyumba ya kondoo ikatazama mtoni kama alivyotaka, nikaurudisha uzio, nikaondoka sebuleni nikaenda kukaa dukani kwa jirani mpaka aliponiambia mama ameshatoka na kurudi.

Asubuhi nilimwita fundi. Chumba cha wageni kina dirisha linalotazama uani, na uani kuna choo cha zamani tulichokitumia wakati tunajenga. Nikamwonyesha. Toboa hapa dirisha liwe mlango, sawazisha hapa, weka bomba la kushikilia toka mlangoni mpaka chooni, na ukoka wote huu uondoke.

"Mzee, mlango wa nyuma huwa unaleta wezi," fundi alisema. "Halafu utaharibu sura ya nyumba."

"Toboa."

Jirani alimhamishia mama kwake kutwa nzima, wakaangalia tamthilia. Nami nikafunga uzio wa mabati kuanzia kona ya nyumba mpaka chooni, kwa mkono wangu, umepinda, na kwa mara ya kwanza kupinda hakukunisumbua. Jioni mama alirudishwa kwa mlango wake mwenyewe. Kesho yake asubuhi nilisimama nikaupa mlango mgongo, nikasema mwangaluka, na baada ya kujibu akaongeza, "Baba, mwambie jirani aniletee maji mengine. Haya yamekwisha."

Alikaa wiki zote sita. Alikula mpaka jirani akalalamika kuhusu uzito wakati wa kumwogesha. Mke wangu akarudi, plasta ikafunguliwa, mguu umenyooka, na mama akapanda gari la Sola akiwa amebeba michembe iliyobaki.

Jioni ile niliwasha gemu. Nyumba ya kondoo bado ilikuwa imeipa barabara mgongo, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Lakini mbele ya mlango wangu kulikuwa na kizizi kipya, na ndani yake kasimama ng'ombe mmoja mdogo mwekundu. Mama aliyekataa kutoa hata ng'ombe mmoja kwa ajili ya daraja alikuwa ameniletea mimi ng'ombe.

Nilishtuka. Ng'ombe wa mahari niliwapeleka kwao mwenyewe, na kwetu ng'ombe wakianza kurudi maana yake ndoa imekwisha. Nikampelekea mke wangu kile kidude jikoni, nikamwambia, "Mama yako ananirudishia ng'ombe." Alicheka hadi akakaa chini. Akampigia mama yake, akaweka sauti kubwa, akamweleza kwamba mkwe wake ana wasiwasi. Mimi nikageukia ukuta, maana hata kwenye simu heshima ni heshima.

"Mwambie asiogope," mama alisema. "Wale aliotuletea tunao wote. Huyo ni ndama. Kazaliwa hapo, mimi nikiwa hapo nyumbani."