Majani Tumboni mwa Kambale

Benedicta alimpasua kambale wa kwanza. Akampasua wa pili. Ndipo akasimama na kisu mkononi, macho yamemtoka.

Alikuwa mwanamke wa huko Pawaga, aliyeishia darasa la nne, na tangu aolewe kazi yake ilikuwa kutumbua samaki na kuwabanika kwa ajili ya soko la Iringa mjini. Majirani walimjua kwa woga wake. Mtoto akikohoa, yeye halali. Pikipiki ya mumewe ikichelewa, utamkuta barabarani ameshika kiuno. Lakini matumbo ya samaki yalikuwa yamemzoesha tabia za mto. Mvua zikishiba, Ruaha na mabonde yake huwa kitu kimoja, na matumbo hutoka na konokono, mbegu, panzi, vidagaa vya kila namna. Kiangazi, maji mengi yakiishia huko Usangu kwenye mpunga, mto hukatika vipande vipande na samaki hubaki wamefungiwa dimbwini. Kwanza hula tope. Kisha wale wadogo hutoweka. Mwishowe yeye hupasua kambale akakuta kambale ndani yake, na yule wa ndani naye amemeza mwenzake. Hapo Benedicta hugeuza uso.

Mwaka huu walikuwa wameshafika huko. Dimbwi lilikuwa moja tu, la kambale wanaolana. Sasa hawa wawili, walioletwa jana jioni na bintiye Goodness, walikuwa wamenona, na matumbo yao yalijaa majani. Majani mabichi, marefu, yaliyokatwa ovyo kama kwa panga butu.

Pale dimbwini hapakuwa na jani. Kingo zote zilikuwa vumbi. Ng'ombe walishahamishwa, na hata hivyo ng'ombe hucheua, mavi yake laini. Yuko mnyama mmoja tu anayeshinda majini, usiku akaenda mbali kula, akarudi kunya humo humo majani hayajasagika, kambale wakayameza. Na kijiji kizima kilisema viboko waliondoka mto ulipokatika.

Goodness alikuwa ameshakwenda na wenzake kuvua.

Benedicta alikitupa kisu, akakimbia. Aliwakuta wanawake wamejipanga mstari mmoja, maji kiunoni, kama ilivyo desturi yao dimbwi likipungua: kila mmoja na tenga lisilo na kitako, analichomeka topeni, anapapasa ndani kwa mkono. Maji yalikuwa meusi, yametulia mno. Kwa kila hatua mstari ulisogea katikati.

"Tokeni! Mna kiboko humo!"

"Kamwene, mama Goodness," alimsalimu Yusta, jirani yake mwenye mdomo, kwa Kihehe. "Mwezi uliopita uliona chatu. Leo kiboko?"

"Nimekuta majani tumboni mwa samaki!"

"Haya, sasa anatupigia ramli kwa utumbo wa kambale!" Wakacheka wote. "Kiboko mzima, kwenye bakuli hili la mboga? Amejificha wapi, ndani ya kanga yangu?"

Goodness hakucheka. "Mama, nenda nyumbani. Unaniaibisha."

"Hutoki?"

"Sitoki."

"Basi nakuja tusimame wote."

Akavua kandambili, akaingia. Hakuna aliyewahi kumwona Benedicta majini kupita vifundo vya miguu. Maji yalikuwa vuguvugu, ingawa jua lilikuwa bado changa. Yalipomfika mapajani, meno yalianza kugongana, naye bado anakwenda. Goodness alimtazama, akasonya, akaliacha tenga lake palepale, akamshika mama yake mkono na kumvuta hadi ukingoni.

Mstari ukiwa na pengo kambale hupenya, hakuna maana ya kuendelea. Mmoja mmoja wakatoka, wakinung'unika. Yusta ndiye aliyekuwa wa mwisho.

"Umetulaza na njaa, mwanamke wewe. Kiboko wako yuko—"

Hakumaliza. Maji yalikuwa yanapanda ukingoni. Upepo haukuwepo, wala wimbi. Yalipanda taratibu, yakalowesha vidole vya miguu yao, yakasimama. Kule katikati, tenga la Goodness lililala ubavu, likazama bila sauti. Kisha maji yakashuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Yusta alianza kuwaita kwa majina, na kila aliyeitwa aliitikia kwa sauti ya chini, mpaka majina yakaisha na hakuna aliyekosekana. Benedicta alikuwa bado ameng'ang'ania mkono wa binti yake, kucha zimezama katika ngozi, na Goodness hakuuvuta.