Mke Wangu Alikuwa Anakuja Nikiwasha Hita

Mke wangu alirudi jikoni muda mrefu baada ya sisi kumzika.

Najua. Mtaani wananiita Mzee Chumvi, na yule chui wa hadithi zangu niliyemzaba kibao mpaka akaomba radhi, nakiri nilimkuza kidogo. Lakini hili halina chumvi hata chembe.

Hita yangu ya maji inatumia gesi. Ni tangi kubwa, limesimama jikoni, moto unawaka chini yake. Baridi ilipozidi nikafunga dirisha, nikaziba tundu la hewa kwa sweta la marehemu, nikasogeza kiti karibu.

Kichwa kikaanza kugonga. Kizunguzungu. Kufumbua macho, huyu hapa, ameshika tama mezani.

"Haya, nipe hadithi," akasema.

Nikampa ya chui. Akacheka mpaka machozi.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Watoto wako mbali, simu zao ni "Baba hujambo, haya baadaye." Kwa hiyo kila jioni nafunga mlango, nawasha hita, namsubiri mgeni wangu. Kichwa kinauma, natapika. Najiambia ni uzee.

Jioni moja akaingia shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Huyo hana habari na hodi.

"Shemeji, unaongea na nani?"

"Na dada yako. Msalimie."

Nilidhani atanisuta. Badala yake akajishika paji la uso, akatazama moto wa hita. Ulikuwa wa njano badala ya bluu, umejaa masizi.

"Nimeingia sasa hivi tu na kichwa kinanigonga! Toka nje!"

"Ngoja, hajamaliza..."

Akanikamata ukosi, akaniburuta hadi uani, mlango akauacha wazi. Mtungi wa gesi uko huko nje, akaufunga. Mimi nikageuka nirudi.

"Shemeji, sijamuaga."

"Ukiingia humo tutakuzika kando yake! Kwani alikuwa anakwambia nini?"

"Anacheka hadithi zangu. Anasema nisifungue dirisha, nikae naye kidogo."

Akanikazia macho. "Dada yangu? Aliyekuwa anafungua madirisha hata mvua ikinyesha? Na hadithi zako alizicheka lini?"

Ndoa yetu nzima, mke wangu alinikatiza kabla chui hajatokea.

Hospitali wakaniwekea oksijeni. Daktari akasema ni hewa ya sumu, haina harufu wala rangi, inavuruga akili halafu inaua. Fundi akakuta kiota cha ndege kimeziba bomba la kutolea moshi. Akazibua, kisha akalivuta lile sweta kwenye tundu, akaniachia mkononi.

Alipoondoka nilisimama nalo mbele ya tundu, muda mrefu kuliko ninavyotaka watoto wangu wajue.

Kisha nikampigia shemeji.

"Njoo nikupe ya chui, unisute."

"Leo siwezi. Kesho."

Nikalikunja sweta, nikalirudisha kabatini. Baridi ikaingia jikoni, nikakaa nayo, nikaanza kuingoja kesho.

Wenzangu mnaoishi peke yenu, kichwa kikiuma hita ikiwa inawaka, msijipe moyo kwamba ni uzee. Tokeni nje, gesi ifungwe, mmwite mtu. Na msirudi ndani, hata mkiitwa na sauti mliyoililia.