Msumari wa Kwanza wa Mama Plasta

Saa mbili asubuhi, ghorofa ya tatu, Mama Plasta anarusha saruji ukutani kwa mwiko, anaisawazisha kwa ubao, kisha anarudi nyuma na kufumba jicho moja. Hajaridhika. Anaikwangua yote na kuanza upya.

"Hapo litakaa kabati. Nani atapaona?" fundi bomba anamtania.

"Kabati litapaona," anajibu, na mwiko hausimami.

Kwa miaka kumi na mitano amepiga plasta nyumba za watu, huku yeye na binti yake wakiishi kwenye chumba kimoja cha kupanga. Kinyozi hajinyoi. Nusu ya kipato chake ilimezwa na kodi, na kila ilipopanda, walihama. Binti amesoma shule nne.

"Akianza tu kumzoea mwalimu, tunafunga mizigo," anasema. "Ikafika mahali hata begi halifungui lote. Ananiambia, mama, ya nini?"

Mwenye nyumba wa mwisho alikuwa na masharti yake, na kubwa lilikuwa moja: marufuku kugonga msumari. Cheti cha binti cha kuongoza darasa katika hesabu kikalala chini ya godoro.

Ndipo zikaanza kujengwa nyumba hizi za gharama nafuu. Mama Plasta alipata kibarua jengo la kwanza, na kwa kuwa kipato chake ni kidogo, jina lake likaingia kwenye kura ya wapangaji.

"Nikajiambia, kumbe huenda najipigia mwenyewe," anasema huku akicheka. "Lakini nyumba ipi? Sijui. Basi zote nikazipiga kama zangu."

Kura ikamwangukia: vyumba viwili, kodi robo ya kipato chake, na haipandi ovyo. Siku ya kuhamia alipapasa kuta zote kwa kiganja.

"Nilitafuta kosa langu, sikuliona," anasema bila haya. Mwandishi huyu naye amezipapasa, na hana la kumbishia.

Lakini mazoea yana taabu. Wiki ya kwanza, akitandika kitanda cha binti yake, alikikuta kile cheti chini ya godoro.

"Nilikaa pale pale nikalia. Ukuta wote ule, na mtoto bado anaficha."

Kazini kila mtu anajua kwamba anayegusa plasta ya mama huyu kwa nyundo atafute jengo lingine. Jioni ile alirudi nyumbani na nyundo na msumari, akamkabidhi binti yake.

"Na tukihama, mama? Si tundu litabaki?" binti aliuliza.

"Gonga, mwanangu. Utamaliza shule hapa hapa."

Cheti kinaning'inia sebuleni, kimepinda kidogo. Fundi aliyekwangua ukuta mzima asubuhi hii hataki kinyooshwe. Pembeni yake amekwisha pigia alama ya penseli mahali pa cheti kinachofuata.